Marehemu Bila Neno la Siri

Jérôme alikufa Jumanne asubuhi, kabla chai haijachemka, na aliyemuua ni mkewe. Kanyere alimuua kwa vidole viwili, maana hakuzoea kuandika kwa vyote kumi, na marehemu mwenyewe alikuwa ameketi kando yake kwenye kiti cha plastiki akimhimiza asikosee.

"Andika nilikufa na tension," alisema Jérôme, akimaanisha shinikizo la damu.

"Tension iko ya bantu ya Goma," Kanyere akajibu bila kuinua macho. "Weye utakufa na malaria."

"Malaria. Muntu wa miaka yangu, mwenye duka, afe na malaria kama kila muntu."

"Njo muzuri vile. Ukikufa kama kila muntu, hakuna mwenye atauliza maulizo."

Akabonyeza. Jina la Muhindo Jérôme, mfanyabiashara wa Kashebere, mzaliwa wa Butembo, likahama kutoka safu ya walio hai kwenda safu ya waliofariki. Ukurasa ulisema amefia Itebero alikokwenda kutafuta mawese, akazikwa hukohuko kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa. Jérôme alijisoma mara mbili. Hakuwa amefika Itebero tangu mvua za mwaka uliopita, lakini alihisi uchovu wa ile safari miguuni.

Ukurasa ule haukuwa mchezo. Tangu vita vikate barabara ya Masisi na ile ya Walikale, kila risasi zikianza kulia watu walitawanyika, huyu huku na yule kule, na hakuna aliyejua nani amebaki. Ndipo mradi mmoja ulipoleta seva, kisanduku kisichozidi ukubwa wa Biblia, ukakiweka dukani kwa Jérôme kwa kuwa ndiko kulikokuwa na paneli za jua na bati lisilovuja. Kisahani cha satelaiti kikafungwa juu ya paa. Mwenye simu yeyote aliweza kuufungua ukurasa wa Kashebere, awe sokoni, awe Mushaki, awe Goma, akatafuta jina la ndugu yake. Na yeyote aliweza kuandika. Neno la siri lilikuwa limeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa duka, kwa herufi kubwa ili hata wenye macho mabovu wasipate taabu. Katika miaka ile aliyefunga kitu aliulizwa anaficha nini, na waliouliza walikuwa na bunduki.

Sasa, kilichomuua Jérôme kilianza jana yake. Vijana wawili wa Komanda Dimanche, mkuu wa waasi, walishuka kutoka msituni, wakanunua sabuni, wakashukuru. Mkubwa wao, Sajenti Sébastien, alikuwa mtu wa adabu sana, wa kuvua kofia mlangoni. Alieleza kwamba Komanda amepata mashine yake mwenyewe, mpya, bado iko ndani ya plastiki, na kwamba mapinduzi sasa yanahitaji ukurasa wake. Kilichokosekana ni mtu.

"Siku ya ine, Alhamisi, tutakuja kukutwaa, Papa Fifi," alisema, akimwita kwa jina la bintiye. "Usibebe mizigo mingi."

Fundi wa redio alichukuliwa hivyohivyo, kwa adabu hiyohiyo, na hakurudi. Fundi wa pili, aliyechukuliwa kumalizia kazi ya wa kwanza, naye hakurudi. Na Komanda Dimanche, kila mtu alijua, aliusoma ukurasa wa Kashebere kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Kanyere hakulala usiku ule. Kulipokucha alikuwa ameona njia moja tu ya kumwokoa mumewe, nayo ni kuhakikisha hakuna tena mume wa kuchukua.

*

Kabla ya adhuhuri waombolezaji walikuwa wamejaa uani, na Jérôme alikuwa amejificha ghalani nyuma ya magunia ya maharage, akisikiliza.

Mtu akisikiliza matanga yake mwenyewe hutarajia mengi. Jérôme alitarajia angalau kilio cha maana. Alichosikia ni sauti ya jirani yake Godelieve, muuza makaa, akisema kwamba marehemu alikuwa muntu muzuri, hapana mubaya hata kidogo, ila alikuwa anapima mchele kama dawa ya sindano. Watu wakacheka, kisha wakakumbuka walipo, wakaimba. Jérôme alitamani kutoka aeleze bei ya mchele kutoka Goma na jinsi kila kizuizi barabarani kinavyochota chake. Akakumbuka amekufa, akanyamaza.

Kanyere aliingia ghalani amejifunga kitambaa cha msiba, simu mkononi, uso umekunjamana.

"Ulitoka inje leo asubui?"

"Nilipiga muswaki tu. Mbele ya weye kuniua."

"Soma."

Alisoma. Chini ya jina lake mtu alikuwa ameandika: *Papa Fifi iko muzima, nimemuona anapiga muswaki, Mungu asifiwe.* Wengine watatu walikuwa wameandika amina. Jina lake lilikuwa limerudi safu ya walio hai.

Kanyere akamuua tena palepale. Kabla hajafika uani alikuwa amefufuliwa. Akamuua akiwa amesimama jikoni, akafufuliwa na mtu wa Mushaki aliyemwona ndotoni. Ikawa hivyo mpaka jua likainama. Waombolezaji walikaa na simu zao mapajani, nyimbo zikikatika katikati, maana mwenye zamu ya kuanzisha hakujua aanzishe ya maziko au ya shukrani. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walimpenda Jérôme, mchele au bila mchele, na kila aliyesikia kwamba anaishi aliona ni wajibu wake kuwaambia wengine. Upendo wao ndio ulikuwa unampeleka msituni.

Kanyere akampigia Merdi, binti fundi wa Goma aliyeisimika ile seva.

"Mama Fifi, nilikuambia," alisema Merdi. "Serveur yenye inaonekana ku dunia muzima, hatuiache vile. Mot de passe yenu njo gani?"

"Ile yenye ulitupatia."

"Na nani anaijua?"

"Iko ku mulango."

Merdi akaanza kuelekeza, polepole, kama anayemwongoza mtu kuvuka mto kwa mawe. Abadilishe neno kuu, alijue yeye peke yake. Kusoma kubaki wazi kwa wote, lakini asiandike mtu bila jina lake na neno lake. Huduma zote ambazo hawazitumii azizime, hata kama hajui ni za nini, na hasa hizo. Atoe nakala ya kila kitu amtumie yeye Goma, ili kikiharibiwa huku kiwe salama kule. Kanyere alifanya yote, huku akitoka kila mara kwenda kulia kidogo uani ili watu wasishuke moyo. Mwisho akafuta chaki mlangoni kwa ncha ya kitenge kilicholowa.

"Uliweka mot de passe gani?" Jérôme aliuliza.

"Mufu ataifanya nini?"

"Kanyere."

"Wakikupata, usikuwe na kitu ya kuwaambia," alisema, akamwekea sahani ya sombe, majani ya muhogo, juu ya gunia. Jérôme alijua ni kweli. Bado iliuma, maana tangu waoane hawakuwahi kufichana hata ufunguo.

*

Kesho yake ujumbe wa kijiji ulikuja matangani. Uliongozwa na Honoré, katekista, mtu mrefu aliyesifika kwamba hajawahi kusema uongo, hata wa kumfurahisha mgonjwa.

"Mama Fifi, pole na musiba," alianza. "Lakini hii mashine iko ya bantu bote, na sasa imefungwa. Marehemu hakutufungiaka hata siku moja. Angekuwa hai, angekasirika sana."

Uani wote ukakubali kwamba angekasirika sana. Nyuma ya magunia, marehemu aliuma kidole ili asijibu.

Kanyere alikuwa tayari kuwapinga wote, lakini hakuwa tayari kwa Mukamurenzi. Huyo alikuwa mkimbizi wa vita kutoka upande wa Masisi, mama aliyepotezana na bintiye karibu na Mushaki siku risasi zilipolia sokoni. Alikuja mbele na simu ya kuazima.

"Mama, juzi niliandika jina yake na miaka yake," alisema. "Nilisahau kusema alivaa robe ya bleu. Nilitaka kuongeza ile robe tu. Sasa inakatala."

Kanyere akainamisha kichwa, akaona haya. Alikuwa ameufunga mlango ili kumwokoa mmoja, na mtoto wa watu alikuwa nje ya mlango huohuo na gauni lake la bluu. Akatandika mkeka kando ya picha ya marehemu, akawasha kompyuta, akasema kila mtu aje apewe jina lake na achague neno lake la siri. Mukamurenzi awe wa kwanza.

Hapo Honoré alisimama. Alisema jambo ni jema, lakini linafanywa vibaya. Shamba hutolewa mbele ya mashahidi. Mahari husemwa mbele ya mashahidi. Neno ambalo mtu ananong'ona peke yake kwenye mashine, kesho akilikana, nani atasema vingine? Wazee wakaitikia kwa vichwa. Ilikuwa hoja, na Kanyere, mjane wa siku moja, hakuwa na nguvu ya kubishana na wazee wote wa Kashebere.

Basi ikafanyika kwa utaratibu. Kila mtu alisimama, akataja jina lake, akatamka neno lake la siri kwa sauti inayosikika mpaka barabarani. Mashahidi wawili wakalirudia. Godelieve akapiga makofi. Anayefuata akaja. Wapo waliochagua majina ya mbuzi wao na wapo waliochagua watakatifu. Mzee mmoja alichagua neno ambalo mashahidi walikataa kulirudia mbele ya watoto, akaambiwa akafikiri upya. Kanyere alishika kichwa kwa mikono miwili kama wafanyavyo wafiwa, na safari hii hakuwa akiigiza. Merdi alielezwa kwa simu.

"Basi," alisema mwishowe, "angalau kila mumoja iko na jina yake."

Na ajabu ni kwamba ilifanya kazi. Kwa kuwa kila mtu alijua neno la kila mtu, hakuna aliyethubutu kutumia la mwenzake. Angejulikana kabla ya chakula cha jioni. Na kila aliyeandika sasa aliandika kwa jina lake. Shahidi wa mswaki, alipotakiwa kutia jina chini ya ushahidi wake, alikumbuka kwamba asubuhi ile kulikuwa na ukungu. Mtu wa Mushaki akasema ndoto ni ndoto. Mmoja baada ya mwingine wakaandika kwamba wanashuhudia kifo cha Muhindo Jérôme, Honoré akiwa wa kwanza, na jioni ile katika Kivu yote hakukuwa na mtu aliyekufa kwa uhakika kama yeye.

Aliyekwenda ghalani kuchota maharage ya wafiwa alikuwa Honoré mwenyewe. Alisogeza gunia moja, akamkuta marehemu anakula.

"Papa Fifi," alisema.

"Katekista."

"Lakini ulikufa."

"Ndiyo."

"Na mimi niliandika nashuhudia. Mu jina yangu, mbele ya bantu bote."

"Dimanche anakuja kunitwaa kesho," alisema Jérôme. "Nisaidie."

Honoré alisimama pale na ndoo tupu mpaka wakamwita kutoka uani. Alichota maharage yake taratibu. Alipofika mlangoni akasema, bila kugeuka, kwamba hataandika tena neno lolote, la kufuta wala la kuongeza, na kwamba Jérôme asikohoe wakati wa wimbo.

*

Alhamisi Sajenti Sébastien alifika na watu watano na kuku mmoja. Kuku alikuwa pole ya Komanda. Akavua kofia, akaketi na wafiwa, akala walichokula wao. Jérôme alimwona kupitia ufa wa ubao na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alipumua vizuri. Mpango ulikuwa umefaulu. Wangekula, wangetoa pole, wangepanda zao msituni.

"Komanda alihuzunika," alisema Sajenti akijifuta midomo. "Lakini kuko kitu kinamushangaza. Juzi, siku ya pili, hii page kila muntu alikuwa anaandika yenye anataka. Kisha ikafungika. Bijana betu ba computer balijaribu kuingia mpaka bakachoka. Nani alifunga?"

Hakuna aliyejibu upesi, na mambo yangeweza kuishia pale. Lakini Godelieve alikuwa rafiki wa kweli, na rafiki wa kweli hapitwi na nafasi ya kumsifu mwenzake.

"Njo huyu mujane," alisema, akimwekea Kanyere mkono begani. "Yeye peke yake. Hata marehemu hakujuaka kufanya vile."

Sajenti akamtazama Kanyere kwa heshima mpya.

"Basi Komanda alikosea muntu," alisema. "Mama, njo weye. Jitayarishe."

Gunia likaanguka ghalani. Jérôme alitoka na vumbi la maharage nywelini, akapita katikati ya waombolezaji wake, na walio karibu wakajivuta na viti vyao.

"Njo mimi Jérôme," alisema. "Muntu wa serveur njo mimi. Muache huyu mwanamuke, munitwae mimi."

Sajenti hakustuka. Alitoa simu, akafungua ukurasa, akasoma, akamtazama, akasoma tena.

"Papa, Jérôme alikufa."

"Sikufa. Niko mbele yako."

"Iko hapa. Na bashahidi, kila mumoja na jina yake." Alisema kwa upole, kama anayemfariji. "Ingekuwa juzi ningekuamini, Papa. Juzi ile page ilikuwa ya ovyo. Sasa iko sécurisée. Siye tulijaribu, tunajua." Akamnyooshea simu. "Kama njo weye, ingia. Jirudishe muzima."

Jérôme akaipokea. Pale palipotaka jina akaandika jina lake. Pale palipotaka neno la siri vidole vikasimama. Akajaribu jina la bintiye. Akajaribu la mama yake. Akajaribu lile la zamani la mlangoni, akaona aibu kabla halijakataliwa. Jasho lilimtoka mbele ya watu aliowauzia chumvi miaka yote. Hata jina lenyewe lilikuwa kazi bure. Siku ya kugawa majina yeye alikuwa nyuma ya magunia, na wafu hawakupewa.

"Unaona," alisema Sajenti, akichukua simu yake. "Mashine yenyewe haikujue." Akamgeukia Kanyere. "Mama, huyu ni nani?"

Kanyere alimtazama mumewe. Lilihitajika neno moja tu, na wangewachukua wote wawili, au Jérôme badala yake. Jérôme alimwona anafikiri, naye alimjua anavyofikiri. Alikwisha kuona jibu kabla ya kulisikia.

"Ni ndugu ya marehemu," alisema Kanyere. "Tangu musiba, kichwa yake haiko sawa."

"Kanyere."

"Shemeji," akamwambia, "ingia mu nyumba. Mutoto asibaki peke yake."

Sajenti, mtu wa taratibu, alimwuliza na katekista. Honoré alitazama viatu vyake. "Mimi niliandika yangu jana," alisema. "Sina ya kuongeza." Na lilikuwa kweli tupu.

Wakaondoka naye kwa njia ya juu. Walimbebea hata mkoba. Mmoja wa waombolezaji akaanzisha wimbo, na kwa mara ya kwanza tangu matanga yaanze watu wakalia kama inavyotakiwa.

*

Mwezi ulikwisha, mwingine ukaanza. Jérôme aliuza dukani kama shemeji wa mjane. Kila asubuhi alifungua ukurasa, akitafuta jina moja katika safu ya waliofariki, na kila asipoliona alishukuru, kisha akaogopa upya. Neno kuu alikuwa nalo mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa msituni. Merdi alisema kutoka Goma kwamba Kanyere ameifanya kazi yake vizuri mno, hata yeye Merdi hawezi kuingia.

Asubuhi moja mstari ulikuwepo. *Kanyere, Mama Fifi, hai. Ninafanya kazi ya mashine. Ninakula.*

Godelieve alipaza sauti mpaka barabarani, duka likajaa. Jérôme aliusoma mpaka herufi zikaanza kucheza. Kisha akataka kujibu, na hakuwa na jina la kujibia. Honoré, aliyekuwa nyuma ya wote, akatoa simu yake.

"Nitakuandikia mu jina yangu," alisema. "Lakini uongo siandike tena, Papa. Na ukweli, bale ba kule juu banasoma."

Jérôme alifikiri. Alitaka kuandika yote, na hakuna hata moja lililowezekana.

"Andika, marehemu anakusalimia."

Honoré alilipima. Kwenye ukurasa Jérôme alikuwa marehemu, na ni kweli alikuwa anasalimia. Na mtu wa msituni akisoma, angedhani ni sala. Akaandika, akatia jina lake.

Jibu lilikuja kesho yake. *Marehemu apumzike kwa amani. Shemeji asimunyoe Fifi nywele. Nitamusuka mwenyewe.*

Jérôme alisoma akiwa amesimama mbele ya duka, mchana peupe, na kilio kikamtoka kwa sauti asiyoijua, akakaa chini kwenye kizingiti. Dereva mmoja mgeni, aliyesimama kununua sigara, akauliza huyu baba ana nini.

"Muache alie," Godelieve akamjibu. "Hakuliaka bado. Alipoteza ndugu yake."